Mji Uliotolewa Siku ya Mvua

Kitendawili. Haya, itikia basi, usinikalie kimya kama chungu kisicho na mboga.

Ninayo peke yangu, nalala njaa. Jirani akiipokea, tunashiba wote.

Umesema moto? Siyo. Mchi na kinu? Wengi husema hivyo, wala si wajinga, ila siyo. Desturi unaijua: ukishindwa unanipa mji, nami nakupa jibu. Lakini mji wako kaa nao kwanza. Usiutoe mpaka usikie yaliyompata Bibi Butoyi wa Nyamhunda, aliyetoa mji siku ya mvua mbele ya Sikio lisilofunikwa.

*

Nyamhunda iko magharibi, karibu na mto Malagarasi, mahali ambapo maji ya chumvi hutoka ardhini yenyewe bila kuitwa na mtu. Mabibi wa mabibi waliyachemsha kwa kuni mpaka vilima vikabaki vipara. Zama za Bibi Butoyi waliyachemsha kwa jua. Vioo mia mbili vilipangwa mteremkoni kama watoto wa shule mstarini, vikigeuza nyuso kulifuata jua kutwa nzima, na joto lake lote likamiminwa chini ya karai moja kubwa. Chumvi ya Nyamhunda ilikuwa nyeupe hata ukiitazama unafumba jicho. Wapishi wa mbali waliiulizia kwa jina, na watu wa Nyamhunda walijua kuwa inauliziwa, wakatembea hivyo, shingo juu kidogo.

Miaka hiyo noti za karatasi zilikuwa zimebaki za kufungia karanga. Watu walitumia pesa iliyoitwa miji, na mji mmoja ukivunjwa ulitoa vitongoji elfu. Ukitaka chai kwa Mzee Ntahondi, ulisimama kibandani ukasema kwa sauti ya kusikika, "Nampa Ntahondi vitongoji viwili," na kifungo cheusi kilichobandikwa mlangoni kikalipeleka neno lako kwenye Sikio la kijiji. Hukutoa kadi wala hukubonyeza namba ya siri. Sauti yako ndiyo iliyokuwa ufunguo.

Sikio lenyewe lilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kibuyu cha maziwa, lenye taa ndogo ya kijani na kijicho juu cha kuonea mwanga. Likisikia neno la kutoa, lilimtambua msemaji kwa sauti, kisha likayanong'oneza Masikio mengine mia tisa ya vijiji vingine, kutoka huku mpaka Pwani, na yote yakaliandika neno lile lile kwa wakati ule ule. Mwizi akitaka kulifuta, ilimbidi aingie nyumba mia tisa kwa mara moja, na kila nyumba ina mbwa wake.

Wanawake waliobuni pesa hii walikuwa wametafuta sheria ambayo hata mtoto asiyejua kusoma angeijua, wakaikuta kwenye vitendawili. Mji hutolewa kwa mdomo, mbele ya watu. Ukishatolewa haurudishwi. Na anayepokea mji kwa kitendawili anadaiwa jibu. Asipolitoa, hajapokea kitu.

Bibi Butoyi alikuwa mlinzi wa Sikio la Nyamhunda mwaka wa kumi na tisa huo. Darasa la saba ndilo lililokuwa chuo kikuu chake, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya wahandisi. Yeye peke yake, katika kijiji kizima, ndiye ambaye sauti yake iliweza kutoa hazina ya kijiji. Hazina iliitwa kwa jina la kijiji chenyewe, kama desturi ilivyokuwa kila mahali, na ndani yake mlikuwa na miji elfu sita na mia mbili, jasho la miaka thelathini na moja. Mkutano ulipaswa kukubali kwanza, ndiyo, lakini hiyo ilikuwa sheria ya watu. Sikio lilijua sauti tu.

Kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa ndogo kuitazama. Kabla ya vitendawili kuanza, alilifunika Sikio kwa kanga ya manjano yenye mikorosho, iliyokunjwa mara nne. Kijicho kikiona giza, Sikio hulala na taa yake huzimika. Hapo unaweza kutoa Kigoma, ukatoa Tabora, ukaitoa hata bahari, na asubuhi kila kitu kikawa mahali pake.

*

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa nane mchana. Vioo vililazwa, karai likapoa, na wachemsha chumvi wakajazana nyumba ya Sikio pamoja na watoto wao. Kanga ilikuwa mahali pake. Vitendawili vilikuwa vimechangamka, Bukuru akiwa ameshajikusanyia miji tisa na anajisifia kila mmoja.

Bukuru na Butoyi ni dada pacha, na majina yao ndiyo yanayosema nani mkubwa na nani mdogo. Bukuru alitangulia kwa nusu saa, na kwa miaka sitini na minane alikuwa hajaacha kuikumbusha dunia.

Ndipo akaingia mgeni. Kijana wa makamo, suti imemganda mwilini, meno yanagongana kama njugu kwenye kopo. Akasema anaitwa Yaredi, anatoka mjini, ananunua na kuuza sarafu, na gari lake limezama matopeni. Bibi Butoyi hakusikia habari ya sarafu wala ya gari. Aliona mtu anatetemeka. Mkono wake ukaenda kwenye kitu kikavu kilichokuwa karibu, akakivuta, akamfunika nacho mabega, akampisha kwenye kigoda.

Kitu hicho kilikuwa kanga ya Sikio.

Hakuna aliyeona. Ungekuwepo, nawe usingeona. Mtu akiwa anamhurumia mwenzake haangalii taa. Yaredi peke yake aliiona ikiwaka, kwa kuwa kigoda alichopewa kilitazamana nayo, na macho yake yalikuwa yamezoea maisha yake yote kutafuta kitu kilichoachwa wazi.

Alikunywa uji, akapata joto, akaomba naye atege. Wakamwitikia. Akatega kile nilichokutegea wewe. Walijaribu moto, walijaribu mchi, mtoto mmoja akasema blanketi, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Wakashindwa. Wakampa Mwanza, akasema Mwanza ina wenyewe. Wakampa Tanga, akakataa. Wakampa Unguja na mikarafuu yake, akatikisa kichwa, akasema huko kote hupatoa watu wasio na mji mzuri wa kutoa. Hivi kweli, akauliza, hapa hakuna mji wa kuridhisha mgeni?

Neno hilo lilimgusa Bibi Butoyi pale alipokuwa na fahari. Akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Mji mzuri kuliko yote unaukalia, baba," akasema. "Chukua Nyamhunda."

"Nimepokea," akasema Yaredi, upesi.

Na Sikio likasema, kwa sauti yake ile isiyo ya kike wala ya kiume, kwamba limesikia.

*

Sitakueleza kelele zilizofuata. Yatosha kusema kuwa kwenye kelele hizo Yaredi alijitoa nje, kanga ikiwa bado mabegani, na hakuna aliyekumbuka kumdai jibu. Naye hakujua kuwa anadaiwa. Desturi aliijua nusu, kama watu wengi wa mjini waliolelewa na bibi wakati wa likizo tu. Alipofika kwenye nyumba ya wageni akajaribu kuiuza ile miji kwa watu wake, kifungo cha mlangoni kikamwambia kwa upole kuwa mji uko njiani, unangoja jibu.

Na jibu lisingepokelewa siku hiyo. Mwenyekiti wa kijiji, Ruhaza, alikuwa ameshaweka pingamizi. Sheria ya pingamizi ilikuwa fupi. Siku ya saba aliyetoa na aliyepokea husimama mbele ya Sikio, na Masikio mia tisa yanasikiliza. Aliyetoa anaulizwa kama lilikuwa neno au mchezo. Akisema mchezo, vijiji hupiga kura, na kwa mlinzi mwenye jina kama la Butoyi hakuna aliyetilia shaka kura ingekwendaje. Akisema neno, basi aliyepokea anatoa jibu lake na mji unafunga safari. Jua likizama kabla hajajibu, mji unarudi kwao.

Miji ile elfu sita na mia mbili ilikuwa imewekwa kwa ajili ya bomba. Chemchemi za juu zilikuwa zinapoteza ukali. Maji yaliyowatoa mabibi machozi wakiyaonja, sasa mtoto aliweza kuyanywa bila kukunja uso. Maji makali yalikuwa chini ya mwamba. Fundi alikuwa ameshapima, mashine ya kuchoronga mwamba ilikuwa ifike kiangazi. Bila bomba, masika mawili yakipita vioo vyote mia mbili vingebaki vya kuchemshia maji ya kuoga.

Usiku ule Bukuru alikaa mlangoni kwa mdogo wake bila kuingia, kama afanyavyo akiwa na hasira.

"Maneno mawili, Butoyi. Ulikuwa mchezo. Na ni kweli ulikuwa mchezo, hakuna atakayekuita mwongo."

Butoyi akamjibu kuwa anayajua maneno hayo. Kisha akamkumbusha kijana mmoja wa kusini, yule wa miaka minne iliyopita, aliyelewa harusini akampa bwana harusi miji arobaini kwa majivuno, na asubuhi akalia mbele ya Masikio kwamba ulikuwa mchezo. Kura ya Nyamhunda ilipofika, Butoyi ndiye aliyeisema. Alisema neno limetoka. Kijana akauza ng'ombe wa baba yake wote.

"Yule alikuwa mlevi," Bukuru akasema.

"Na mimi nilikuwa mwenye fahari. Nani alilewa zaidi?"

Sauti ya Bukuru sasa haikuwa na utani wa kawaida. Yeye hakuwahi kuipenda pesa ya kusema. Chumvi, alisema siku zote, unaitia mkononi, unailamba, unaijua. Akataja sarafu za zamani za mitandaoni, zile ambazo mjomba wao aliuza baiskeli na shamba la michikichi ili azinunue, akasubiri zizae. Zilipanda kweli, akanunua viatu vya kung'aa kwa deni. Kisha zikazimika kwa wiki moja, akarudi na viatu tu.

"Nijibu mimi, basi, wewe mwenye Sikio," akasema. "Hii miji yako ni kitu gani? Ni pesa, au ni pumzi tuliyokubaliana kuiita pesa? Maana kama ni pumzi, mwambie mgeni umevuta pumzi yako, tuchimbe bomba."

Bibi Butoyi alikuwa amelinda kitu kile miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa hana jibu la kumpa mtu wa tumbo moja. Bukuru akaondoka.

*

Wiki ile Yaredi alikuwa tajiri mwenye njaa.

Alikuwa na sarafu kumi na mbili za mijini, kila moja na jina lake la kumetameta, na kwa hesabu ya huko angeweza kununua kibanda cha Ntahondi, na mlima ulio nyuma yake, na Ntahondi mwenyewe juu. Ntahondi alisikiliza majina yote kumi na mawili kwa heshima, akauliza ni nani mwingine hapa kijijini anayezipokea. Yaredi akasema hapa hakuna. Ntahondi akasema basi ni nzuri, azitunze. Yaredi akajaribu Nyamhunda yenyewe, akitaja vitongoji viwili tu kati ya miji maelfu. Ntahondi akasema mji ulio njiani haujafika, na hata ukifika, mpokeaji ana hiari. Hakumtukana. Aliendelea kuosha vikombe.

Saa saba mchana Bibi Butoyi akamletea ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, kwenye sahani iliyofunikwa. Akafanya hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata. Bukuru alimwambia mbele ya watu kuwa hata kuku akiona kisu humkwepa mwenye kukishika. Butoyi akasema mgeni ni mgeni.

Siku ya nne Yaredi alimwomba akae kidogo. Labda alitaka kujitetea. Akamweleza kazi yake, kwamba yeye hanunui pesa ili atumie, hununua ili ipande. Aliwahi kununua sarafu moja asubuhi kwa bei ya mkungu wa ndizi, jioni ikawa na bei ya nyumba ya bati.

"Siku hiyo ulikula nini?" Bibi Butoyi akamuuliza.

Akafikiri. Akasema hakula kitu cha maana. Hakutaka kuuza, alikuwa anangoja ipande zaidi.

"Ikapanda?"

"Ikalala, bibi. Nadhani mwenzangu mmoja aliuza kwanza, na wengine wakaona."

Bibi Butoyi akamtazama kama anavyotazama mtoto aliyechomwa na karai mara ya pili. Akakusanya sahani. Mlangoni akageuka, akamwambia kuwa kanga ile aliyomfunika haijakauka vizuri, aianike juani, isije ikanuka ukungu. Hakusema kitu kingine kuhusu kanga.

*

Siku ya saba jua lilitoka kali kama limelipwa. Vioo vyote mia mbili vilikuwa kazini na karai linatokota, kwa kuwa Bukuru alikataa kusimamisha kazi kwa ajili ya mgeni. Saa kumi na moja jioni wakakusanyika mbele ya nyumba ya Sikio. Ruhaza alilitoa Sikio nje, akaliweka juu ya meza, taa ya kijani ikiwaka, na likatangaza kuwa vijiji mia tisa vipo na vinasikia.

Hebu fikiri hapo. Vijiji mia tisa. Watu wameacha majembe, wameacha nyavu na vyungu, wanasikiliza kama bibi wa darasa la saba atasema neno moja au jingine. Tangu siku ya pili habari ilikuwa imeenea, na wauzaji wengi walikuwa wameanza kuishika miji kwa ncha za vidole. Kama mlinzi anaweza kuvuta neno lake hazina yake ikiguswa, wakaulizana, basi neno la muuza nyanya lina uzito gani?

Ruhaza hakuwa na sauti nzuri siku hiyo. Alimuuliza kama sheria inavyotaka.

"Butoyi binti Ntibashira, mlinzi. Ulipompa huyu Nyamhunda, lilikuwa neno au mchezo?"

Bibi Butoyi aliwatazama watu wake. Aliliona karai likitoa mvuke mweupe, akaviona vioo, akamwona mtoto yule aliyesema blanketi. Akamtazama dada yake mwisho.

"Kichwani mwangu ulikuwa mchezo," akasema. "Lakini Sikio nililifungua kwa mkono wangu huu, na kulifunika ilikuwa kazi yangu, si kazi ya mgeni. Miaka minne iliyopita nilimwambia mtoto wa watu kwamba neno limetoka. Sikumwambia kwa sababu alikuwa wa mbali. Hili nalo ni neno. Nimetoa."

Sikio likasema kuwa vijiji mia tisa vimesikia, na taa haikutikisika.

Unajua Bukuru alifanya nini? Nilidhani atamlaani, na wengi walidhani hivyo. Alisogea polepole, akasimama bega kwa bega na mdogo wake, akamrekebishia kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea nyuma. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini mia tisa wakasikia, kwamba maji yakiisha ukali watachemsha matope, na yatakuwa matope ya watu wanaoaminika. Wanawake wa chumvi nyuma yao, mmoja mmoja, wakanyoosha migongo.

Ruhaza akamgeukia Yaredi. Mji ni wako, akamwambia, ukitoa jibu kabla jua halijazama. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye vioo vya juu, likavipaka rangi ya machungwa. Ilibaki kiasi cha kunywa kikombe kimoja.

Yaredi akakaribia meza. Alikuwa amenyoa, amevaa suti ile iliyokunjamana, mfuko begani. Alimtazama Ntahondi, aliyekuja na birika lake kama kawaida. Akawatazama wale pacha wawili, ambao hakuna kati yao aliyemkunjia uso. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu utotoni, alipewa na bibi yake likizo moja, akalibeba miaka yote kama mtu anayebeba ufunguo na hajui mlango.

Akashusha mfuko. Akatoa humo kanga ya manjano yenye mikorosho, safi, imenyooka, ina harufu ya jua. Akaikunja mara moja. Akaikunja ya pili, ya tatu, ya nne, kwa uangalifu wa mtu aliyeona ikifanywa. Akaiweka juu ya Sikio, akapitisha kiganja pembeni kuhakikisha hakuna mwanga unaoingia.

Taa ya kijani ikazimika.

Jua liligusa kioo cha mwisho, likakiacha, mteremko wote ukawa bluu. Ruhaza alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bibi Butoyi alikuwa akimtazama mgeni kwa macho yanayocheka, ingawa yalikuwa na maji.

Bukuru akamsogelea Yaredi, akampandisha na kumshusha kwa macho, mikono kiunoni.

"Haya, mwanangu. Mji tulikupa, na tumelala wiki nzima tunakuna vichwa. Sasa tuambie. Ninayo peke yangu, nalala njaa. Jirani akiipokea, tunashiba wote. Ni kitu gani hicho?"

"Pesa, mama," akasema Yaredi.